Jinsi ya kulala na mashine ya CPAP mpaka asubuhi (anza na maski, mashine baadaye)

Usiku wa kwanza nilikaa na mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa puani ili koo lisizibe ukiwa usingizini, dakika 40. Najua ni 40 kwa sababu yenyewe inarekodi, asubuhi ikanionesha bila haya. Nilivaa maski, nikawasha, hewa ikaanza kunipiga puani kama nimetoa kichwa dirishani kwenye basi linalokimbia, nikajigeuza upande, maski ikasogea, ikaanza kupiga mluzi na kunipulizia machoni, nikakaza mikanda, ikazidi, nikakaza tena, mwisho nikaivua nikaiweka chini nikalala zangu nikakoroma kama kawaida. Wiki mbili ikawa ndo hivyo hivyo. Nikasema basi, hii kitu sio ya watu kama mimi.

Kumbe mashine haikuwa na kosa lolote. Maski ndo haikuwa saizi yangu, na hakuna aliyeniambia kwamba maski inapimwa ukiwa umelala na presha imewashwa. Mimi nilipimishwa nimekaa kwenye kiti, dakika 3, nikapewa boksi nikaenda nyumbani. Kwa hiyo haya maelezo ni ya mtu aliyepewa mashine wiki hii, au anayo tayari ila inakula vumbi chini ya kitanda.

Kwanza tuelewane inafanya nini, manake ukishaelewa hutaiogopa. Ukilala misuli ya koo inalegea, hiyo ni kwa kila mtu. Kwa mwenye apnia ya usingizi (yani pumzi kukatika ukiwa umelala) ile ya kuziba, ulimi na nyama laini za koo zinarudi nyuma mpaka njia ya hewa inabana au inafunga kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta ila hewa haipiti. Ikifika sekunde 10 na kuendelea ndo inahesabiwa kuwa tukio. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unakushtua, unavuta pumzi kwa kishindo, unalala tena, na asubuhi hukumbuki chochote. Idadi ya hayo matukio kwa saa moja ndo ile namba inaitwa AHI utakayoiona kwenye karatasi ya vipimo: chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima, 5 mpaka 15 ni apnia ndogo, 15 mpaka 30 ya kati, kuanzia 30 ni kali. Piga hesabu mwenyewe, mtu wa 30 anakatishwa usingizi kila dakika 2 usiku kucha, alafu anashangaa kwa nini mchana anasinzia kwenye usukani.

Sasa mashine. Ndani kuna feni, inavuta hewa ya hapo hapo chumbani, inaipitisha kwenye filta, inaisukuma kupitia mpira mpaka puani kwako. Basi. Hiyo hewa yenye presha inashikilia koo lisijifunge, kama tairi la baiskeli linavyosimama likiwa na upepo na kulala likiwa tupu. Sio mashine ya oksijeni, na haikupumulii, unapumua mwenyewe kama kawaida, yenyewe inalinda njia tu. Nimeona watu wengi wanaogopa kwamba wakiizoea mapafu yatakuwa mavivu, hapana, mapafu yako yanafanya kazi yake ile ile.

Daktari aliyeianzisha anaitwa Colin Sullivan, wa Sydney kule Australia, yeye na wenzake walitangaza matokeo mwaka 1981, na mota waliyotumia ilikuwa ya vakyumu ya kufyonzea vumbi, ila upande wa kupuliza. Cha kuchekesha ni kwamba hata wao kilichowasumbua ni puani, ilibidi waizibe kwa silikoni ili hewa isitoroke. Miaka zaidi ya 40 imepita, mota zimekuwa kimya huwezi kuzisikia, ila vita bado iko pale pale usoni.

Jambo moja kabla hatujaendelea, usianze kwa kununua mashine, anza kwa kupimwa. Kuna apnia nyingine ambayo koo liko wazi kabisa ila ubongo ndo hautumi amri ya kupumua, hiyo matibabu yake yanaweza kuwa tofauti, na huwezi kuijua kwa kusikiliza mkoromo. Na kama umewahi kutobokwa pafu, au umefanyiwa upasuaji wa pua, kichwa au ubongo karibuni, mwambie daktari kabla hujaweka presha yoyote puani.

Aina za mashine nitapita haraka tu. Kuna ya presha moja usiku mzima. Kuna ya kujirekebisha yenyewe, inasikilizia koo, likianza kubana inapandisha, likitulia inashusha. Na kuna ya presha mbili, ya juu ukivuta na ya chini ukitoa, hii mara nyingi wanapewa wanaohitaji presha kubwa sana au wenye shida nyingine za kupumua. Presha inapimwa kwa sentimita za maji na mashine nyingi za kawaida zinaenda kuanzia 4 mpaka 20. Namba yako anaiweka daktari kutokana na vipimo. Ya jirani yako isikuhusu, ya ndugu yako pia isikuhusu.

Haya, maski

Hapa tukae kidogo, manake asilimia kubwa ya wanaoacha mashine wanaachia hapa.

Maski ni za aina tatu. Ya kwanza ni vile vijiplagi viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye matundu ya pua, nyepesi, haikuzibi macho, unaweza hata kusoma ukiwa umeivaa, nzuri kwa anayejisikia kubanwa au mwenye masharubu. Presha ikiwa kubwa sana inaweza kukuchoma puani. Ya pili inafunika pua yote, hii ndo watu wengi wanaanzia. Ya tatu inafunika pua na mdomo, ya mtu ambaye pua yake imeziba muda mwingi au anayelala mdomo wazi na imeshindikana kabisa kuufunga. Ushauri wangu, kama pua inapitisha hewa vizuri usikimbilie hiyo ya tatu, ina eneo kubwa la kuziba kwa hiyo ina sehemu nyingi za kuvujia, na mikanda yake inaweza kusukuma kidevu nyuma kidogo, kitu ambacho hatukitaki. Wapo wanaolala nayo vizuri tu miaka na miaka lakini, kwa hiyo kama ndo inayokufaa usibabaike.

Namna ya kuipima. Nawa uso kwa sabuni, kausha. Usipake mafuta wala krimu pale maski itakapokaa, silikoni inateleza na pia inaharibika haraka. Legeza mikanda yote. Lala kitandani, kwenye mto wako, mkao wako wa siku zote. Weka maski usoni, vuta mikanda ishike tu, washa mashine, subiri presha ipande. Sasa ishike maski kwa mbele, ivute itoke usoni kidogo kisha iachie irudi taratibu, hii inafanya ile silikoni ijikunjue ijae hewa, manake inaziba kwa kujaa hewa, haizibi kwa kubanwa. Hiki ndo kitu nilichokuwa sikijui kabisa mimi. Nilikuwa nikisikia inavuja nakaza, na ukikaza sana ile silikoni inakunjamana, inafungua njia mpya ya kuvujia, unakaza tena, asubuhi unaamka na alama za mikanda mashavuni na kidonda juu ya pua.

Ukishamaliza jigeuze kushoto, tulia dakika, jigeuze kulia, tulia. Ikivuja rekebisha hapo hapo ukiwa umelala, mkanda mmoja mmoja, kidogo kidogo, pande zote mbili sawa. Kidole kimoja kiweze kupita chini ya mkanda. Kama umerekebisha kila kitu na bado inavuja basi saizi sio yako, rudi kabadilishe, usione aibu, muda mzuri wa kubadilisha ni siku hizo za mwanzo. Kuna saizi ndogo, ya kati na kubwa, na tofauti ya saizi moja tu inaweza kugeuza usiku wako wote. Kuna watu wanachukua kubwa wakidhani italegea vizuri, kumbe kubwa ndo inapandisha hewa machoni.

Utasikia hewa inatoka kwenye vitobo vidogo mbele ya maski. Hiyo sio kuvuja, ndo njia ya kutolea hewa uliyoitumia, usivizibe kwa plasta eti kelele. Na ndevu, ndevu zinavujisha, hasa zile fupi za siku mbili tatu ambazo zinachoma. Ama nyoa pale maski inapogusa ama hamia kwenye vijiplagi.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, baadhi ya maski zina sumaku kwenye vifungo vya mikanda. Kama wewe au unayelala naye ana kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini kinachoweza kuathiriwa na sumaku, omba maski isiyo na sumaku. Kampuni moja ilitoa tahadhari kwamba sumaku zikae umbali wa sentimita 15 na zaidi kutoka kwenye kifaa, na ukizingatia watu wanavyokumbatiana usingizini, hapo umbali hauhesabiki.

Izoee mchana

Kosa kubwa ni kukutana na mashine kwa mara ya kwanza saa 5 usiku ukiwa umechoka na una hasira na dunia. Kutane nayo mchana. Siku ya kwanza ishike tu maski mkononi, iweke usoni bila mikanda, mashine haijawashwa, pumua mara kadhaa, toa. Ile ya pua na mdomo usikae nayo muda mrefu mashine ikiwa imezimwa, ni dakika chache tu. Kisha vaa mikanda. Kisha unganisha mpira uwashe, ukiwa umekaa unaangalia tamthilia au mpira, dakika 15, 20, saa nzima ukiweza. Akili yako ikiwa kwenye goli huwezi kukumbuka una kitu puani. Alafu lala nayo kausingizi ka mchana. Mimi ilinichukua siku 5 hivi, kuna mwenzangu ilimchukua mwezi, kuna mwingine usiku wa kwanza tu alilala mpaka jua likamkuta, huyo tusimuongelee.

Kama una ile hofu ya kubanwa, moyo unaenda mbio ukivaa tu, usijilazimishe kwa nguvu, utaifanya akili iunganishe maski na hofu na itakuwa ngumu zaidi kuifuta. Rudi hatua moja nyuma, kaa hapo mpaka ikuchoshe, ndo uende mbele. Pumua taratibu kwa pua, mdomo umefungwa. Ukifungua mdomo maski ya pua ikiwa imewashwa hewa inaingia puani inatokea mdomoni kwa kasi, ni hisia mbaya sana mara ya kwanza, utadhani unazama. Funga tu mdomo inaisha.

Setingi ambazo unaruhusiwa kugusa

Presha usiichokonoe. Ila kuna vitu vitatu ni vyako kabisa. Cha kwanza rampu, yani mashine inaanza na presha ndogo alafu inapanda polepole kwa dakika ulizochagua, au inasubiri mpaka ione umelala. Inasaidia kupata usingizi. Ila watu wengine presha ndogo sana ndo inayowapa hisia ya kukosa hewa, kama ni wewe muombe anayekuhudumia apandishe kidogo ile ya kuanzia. Cha pili ni ile ya kushusha presha unapotoa pumzi, kwenye mashine nyingi ina ngazi 1 mpaka 3, ukiona kutoa pumzi ni kama unapuliza puto ongeza ngazi. Kwenye baadhi ya mashine hiyo imefungwa, itabidi uombe.

Cha tatu ni unyevunyevu, na hapa ndo wengi wanateseka bure. Hewa inayopulizwa saa 7 mfululizo inakausha pua na koo, pua ikikauka inajitetea kwa kuvimba na kutoa makamasi, unaamka umeziba unasema mashine inanipa mafua. Ongeza unyevunyevu, sio kupunguza. Kile kitanki cha maji kina joto chini yake, pandisha ngazi moja kila usiku mpaka pua itulie. Ukizidisha, hasa chumba kikiwa na baridi, mvuke unageuka maji ndani ya mpira, unasikia unachuruzika na saa nyingine matone yanakupiga puani, unaruka kitandani. Hapo shusha ngazi, au vika mpira kitambaa, au upitishe chini ya shuka upate joto la mwili. Kuna mipira yenye waya wa joto ndani, hiyo inamaliza kabisa hiyo shida. Na mashine ikae chini kidogo ya usawa wa kichwa chako, juu ya kitu imara, maji yakipatikana kwenye mpira yarudi kwenye mashine yasije kwako.

Pua ikiwa imeziba kabla hata hujalala, isafishe kwa maji ya chumvi ya dukani kwenye duka la dawa au yale ya kutengeneza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikiwa ni mzio wa kila siku muone daktari, kuna dawa za kupuliza puani za kutumia kwa muda mrefu. Zile za kuzibua haraka usizifanye rafiki, zikizidi siku chache pua inazoea na inaziba kuliko mwanzo.

Mdomo

Ukiamka mdomo umekauka kama umelamba unga, na unatumia maski ya pua, basi mdomo unafunguka usiku na hewa inatorokea hapo. Kabla hujanunua chochote angalia pua kwanza, mdomo mara nyingi unafunguka kwa sababu pua imebana. Pua ikiwa sawa na bado unafunguka, jaribu mkanda wa kidevu, kuna wanaosaidika na kuna wasiosaidika, mimi ulinishinda, ulikuwa unanivuta nywele. Lala upande badala ya chali. Ikishindikana ndo hamia maski ya pua na mdomo. Kubandika mdomo kwa plasta naona watu wanasifia, mimi siwezi kumshauri mtu, ukitaka kutapika usiku au pua ikiziba ghafla utakuwa kwenye hali mbaya, muulize daktari wako kwanza.

Tumbo nalo linaweza kujaa hewa, unaamka unabeua na kujamba kama umekula maharage ya harusi nzima. Ni hewa imepita njia ya chakula. Inua kichwa cha kitanda kidogo, lala upande, na mwambie daktari, anaweza kushusha presha au kukubadilishia mashine. Usinyamaze eti ni aibu.

Saa za usiku ambazo hutakiwi kuzipoteza

Kuna tabia moja hatari ambayo mtu anajiona mshindi, analala na mashine kuanzia saa 4 mpaka saa 9 usiku, akiamka kwenda chooni anaivua, anarudi kulala bila. Anasema si nimefikisha saa 5. Shida ni kwamba usingizi wa ndoto, ule ambao misuli inalegea kuliko wakati wowote na apnia nyingi zinakuwa mbaya zaidi hapo, mwingi wake uko kuelekea asubuhi. Kwa hiyo anaivua pale pale anapoihitaji kuliko saa zote. Ukienda chooni chomoa mpira tu hapo mbele, acha maski usoni, maski nyingi zina kiungo cha kuchomoa haraka, ukirudi unachomeka unaendelea. Na kausingizi ka mchana kwenye kochi pia ni usingizi, koo halijui saa.

Wengine wanaivua usiku bila kujua, wanaamka wanaikuta chini ya mto. Mimi ilinitokea mwezi mzima. Weka ile alamu ya maski kutoka kama mashine yako inayo. Mara nyingi ni dalili kwamba kitu kinakusumbua, inavuja, au unyevunyevu mdogo, au presha haitoshi, rekebisha hicho na mikono itaacha yenyewe.

Asubuhi angalia namba tatu kwenye skrini au kwenye programu ya simu. Saa ulizotumia. AHI, tunataka iwe chini ya 5, ila usiihukumu kwa usiku mmoja, angalia wastani wa wiki. Na uvujaji, mashine nyingine inakupa namba nyingine inakuchorea sura ya kucheka au kununa, uvujaji ukiwa mkubwa hata hiyo AHI usiiamini sana kwa sababu mashine inakuwa haioni vizuri. Ndo maana nasema maski kwanza. AHI ikibaki juu wiki mbili tatu wakati uvujaji uko vizuri, peleka hizo data kwa daktari. Kuna watu wakianza presha ndo zile apnia za ubongo zinajitokeza, kwa wengi zinapungua zenyewe baada ya muda, ila lazima mtu anayejua aziangalie.

Kuhusu kujisikia vizuri, usitegemee muujiza usiku wa kwanza. Wapo wanaoamka wamefunguka akili siku hiyo hiyo, wengine inachukua wiki au miezi. Kwangu cha kwanza kuondoka kilikuwa kichwa kuuma asubuhi, cha pili safari za chooni, nilikuwa naamka mara 4 nikadhani ni kibofu, kumbe ni apnia. Usingizi wa mchana ulichelewa sana kuondoka. Mpaka uondoke usiendeshe gari ukiwa unasinzia, na pombe na vidonge vya usingizi kaa navyo mbali, vinalegeza koo zaidi.

Usafi

Kila siku futa au osha ile silikoni ya maski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, manake mafuta ya uso ndo yanaileta kuvuja usiku unaofuata. Mwaga maji ya jana kwenye kitanki, usiongezee juu yake, kiache kikauke mchana. Mara moja kwa wiki osha mikanda, mpira na kitanki, ning'iniza mpira kivulini maji yatoke. Maji ya kuweka ni yale yaliyokenekwa, yasiyo na chumvichumvi. Ukikosa, yaliyochemshwa yakapoa yanafaa kwa dharura ila yataacha utando mweupe, unaotoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji. Usiweke manukato, mafuta ya mkaratusi wala dawa ya mafua kwenye maji, hiyo yote inaenda moja kwa moja kwenye mapafu.

Filta iangalie kila wiki. Ile ya karatasi haioshwi, ikiwa ya kijivu itupe, kwa wengi ni kila mwezi, chumba chenye vumbi ni mapema zaidi. Ile ya sponji inaoshwa, ila ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Zile mashine za kusafishia kwa ozoni wanazotangaza sana, mimi hapana. Ozoni inawasha njia ya hewa na inaweza kula vifaa, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2020 ilitahadharisha watu juu yake. Sabuni na maji.

Ukipewa au ukiuziwa mashine iliyotumika, angalia modeli na namba yake kabla ya kitu kingine. Juni 2021 Philips waliita kurudishwa mamilioni ya mashine zao kwa sababu sponji ya kuzuia sauti ndani ilikuwa inaweza kumeguka na kuingia kwenye njia ya hewa, na nyingine bado zinazunguka mikononi mwa watu. Maski, mpira na filta vya mtu mwingine tupa, nunua vipya, na presha iwekwe upya kwa ajili yako.

Umeme, safari na mengineyo

Umeme ukikatika usiku hutakufa kwa kukosa hewa. Maski ya pua na mdomo ina kivalvu kinachofunguka hewa ya chumba iingie, ya pua utafungua mdomo au utaamka uivue. Usiku huo lala upande, kichwa juu kidogo. Kama umeme wenu una tabia hizo tafuta betri inayoendana na mashine yako, na ukiwa kwenye betri zima joto la kitanki na la mpira, hivyo ndo vinavyokula umeme kuliko feni yenyewe, betri hiyo hiyo itakaa muda mrefu zaidi.

Ukipata mafua makali ukashindwa kabisa usiku mmoja, sio mwisho wa dunia, rudi kesho yake. Ukipungua au kuongezeka uzito kama asilimia 10, mwambie daktari, presha inaweza kuhitaji kubadilishwa. Ukienda kufanyiwa upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, mtaje mapema mtu wa dawa ya usingizi kwamba una apnia, na uende na mashine yako. Ukiingia kwenye kipimo cha MRI maski yenye sumaku ibaki nje.

Unayelala naye mshirikishe. Yeye ndo atakwambia kama bado unakoroma ukiwa umevaa, na ukikoroma ukiwa umevaa maana yake kuna kitu hakijakaa sawa. Hewa ya vitobo ikimpiga shingoni geuzeni pande, ndo dawa yake.

Safarini mashine ibebe mkononi, usiiweke kwenye mzigo wa chini wa ndege, ni kifaa cha matibabu na mashirika mengi hayaihesabu kama begi lako, ila waulize kabla. Plagi beba ya kubadilisha tu, adapta ya mashine nyingi inakubali volti 100 mpaka 240, soma kibandiko chake. Na kitanki, mwaga maji, yote, kausha, ndo ufunge begi. Mimi nilisahau mara moja, nusu kitanki cha maji kikalala kwenye begi saa kadhaa, maji yakaingia upande wa mota. Ikitokea hivyo usijaribu kuiwasha uone kama bado inafanya kazi, chomoa kila kitu, igeuze maji yatoke, iache ikauke na ipeleke kwa aliyekupa aiangalie. Mimi niliiwasha. Nikalala usiku 3 bila mashine, wa kwanza nikajifariji kwamba nitazoea, wa tatu nilikuwa nimekaa kitandani saa 10 alfajiri kichwa kinagonga, naihesabia masaa ile mashine niliyokuwa naisukumiza chini ya kitanda.